Waonaji, si Manabii: dini za tamthilia za angani zinavyopotea katika tafsiri

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumze na wale wanaozitia Kiswahili tamthilia za kubuni za kisayansi, wawe madj wa vibanda vya sinema, waingiza sauti wa vituo vya televisheni au waandishi wa maandishi ya chini ya kioo. Waandishi wa kurasa za burudani wanaotoa mihtasari ya tamthilia hizo nao yanawahusu.

Tamthilia hizi zimejaa dini kuliko watu wengi wanavyodhani. Chombo cha angani au silaha ya mwanga hutafsirika bila taabu, na hata ukikosea kidogo hakuna kinachoharibika. Panapoharibika ni kwenye sala, roho, mitume na miungu, kwa sababu katika Kiswahili karibu kila neno la dini lina mwenyewe. Nabii na dua tumeyapata kwa Kiarabu. Padri na misa yakaja na Wareno na wamisionari. Mzimu na tambiko ni ya babu zetu. Mtafsiri akiokota neno lililo karibu na mkono, anamvisha mhusika kanzu ambayo hakushonewa, na kisa kinaanza kwenda upande mwingine bila yeye kujua.

Chukua Star Trek: Deep Space Nine, iliyorushwa kuanzia Januari 1993 hadi Juni 1999, misimu 7 yenye sehemu 176. Ndiyo tamthilia ya ukoo huo iliyoishughulikia dini kwa kina zaidi, na ndiyo inayomwangusha mtafsiri mapema zaidi. Sayari ya Bajor imetoka kwenye utawala wa kigeni wa Wakardasia uliodumu miaka 50 hivi. Jirani na sayari hiyo kuna mlango angani unaounganisha pande mbili za galaksi zilizo mbali mno, na ndani ya mlango wanaishi viumbe wasioishi ndani ya wakati kama sisi: kwao jana na kesho ni kitu kimoja. Wabajor wamewaabudu viumbe hao kwa maelfu ya miaka, na kwa Kiingereza wanawaita Prophets.

Neno la kwanza linalomjia mtafsiri ni Manabii, na hapo ameshakosea. Kwetu nabii ni mwanadamu anayetumwa. Mtoto wa madrasa analijua hilo, na mtoto wa Shule ya Jumapili pia. Katika tamthilia hii wanaoitwa kwa jina hilo ndio wanaotuma na ndio wanaoabudiwa. Mtazamaji akisikia Kira Nerys anawaomba Manabii, Mwislamu ataona shirki, Mkristo ataona uzushi, na wote wawili wataacha kumsikiliza mwanamke yule aliyepigana vita vya ukombozi kwa nguvu ya imani hiyo. Watabiri nalo halifai, maana siku hizi limekuwa la hali ya hewa. Neno ninalolipendekeza ni Waonaji. Limo katika Biblia ya Kiswahili, 1 Samweli 9:9, panapoelezwa kwamba anayeitwa Nabii sasa hapo kwanza aliitwa Mwonaji. Lina heshima na umri, halijashikwa na dini yoyote iliyo hai mtaani, na linasema kile hasa ambacho viumbe hao wanakifanya: wanaona.

Binadamu aliyechaguliwa na Waonaji ni Benjamin Sisko, mkuu wa kituo cha angani, aliyeigizwa na Avery Brooks. Kwa Kiingereza anaitwa Emissary. Kumwita Mtume ni kutafuta ugomvi usio na sababu. Mteule linakaribia, lakini linapoteza kazi yake, kwamba amebeba neno la wengine. Mjumbe ndilo lenyewe. Najua Tanzania neno hilo linamkumbusha mtu mjumbe wa nyumba kumi, ila tuna pia methali ya mjumbe hauawi, nayo inalirudishia uzito wake. Mara ya kwanza liandikwe Mjumbe wa Waonaji, kisha Mjumbe peke yake litatosha.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalioni mpaka wamefika katikati ya tamthilia. Viumbe wale wana majina mawili. Wabajor wanasema Waonaji. Maofisa wa kituo, watu wa sayansi, wanasema viumbe wa mlangoni. Majina haya yasichanganywe hata mara moja, kwa kuwa kisa kizima kinatembea juu yake. Sisko anaanza upande wa viumbe na anaishia upande wa Waonaji, na safari hiyo inachukua miaka 7. Mtafsiri akitumia jina moja kwa wote tangu siku ya kwanza, safari imefutika.

Angalia sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza, In the Hands of the Prophets, ya Juni 1993. Mwalimu Keiko O'Brien anawafundisha watoto jinsi ule mlango wa angani ulivyogunduliwa, akitaja viumbe waliomo kwa lugha ya darasa la sayansi. Winn, kiongozi wa dini wa Kibajor, anaingilia somo na kumtaka aeleze kwa nini hasemi Waonaji. Pande zote mbili hazilegezi. Wazazi wa Kibajor wanawatoa watoto wao, shule inalipuliwa kwa bomu, na mwishoni kuna jaribio la kumuua Vedek Bareil, kiongozi mwingine wa dini. Moto wote huo umewashwa na neno moja ambalo mwalimu hakulitamka. Kama mtafsiri alishamtia Keiko jina takatifu kinywani, Winn anaonekana mwendawazimu anayegombana na mtu aliyekubaliana naye. Katika sehemu hiyohiyo Sisko anamweleza mwanawe Jake kwamba viumbe wanaoiona kesho kama jana wana haki ya kuitwa jina hilo. Ukiwa na Waonaji, hoja yake inaeleweka papo hapo. Ukiwa na Manabii, utalazimika kuongeza maelezo, na muda huna.

Neno miungu nalo liwekwe akiba. Katika Sacrifice of Angels, ya Novemba 1997, meli za kivita 2,800 za adui zinaelekea kupita mlangoni, na Sisko anasimama mbele ya viumbe wale akiwataka, kama ni miungu, watende kama miungu. Neno hilo lina nguvu pale kwa sababu Sisko hajawahi kuwaambia hivyo. Mtafsiri aliyekuwa analitapanya kila wiki atafika hapo mikono mitupu.

Mengine ya Bajor ni mepesi. Vedek na Kai ni vyeo, viachwe kama vilivyo. Kai Winn akigeuzwa Askofu Winn au Shehe Winn, watazamaji watamsaka mtu wanayemjua. Vile vitu 9 vitakatifu vinavyong'aa vikihifadhiwa ndani ya sanduku, ambavyo Wakardasia walichukua 8, Wabajor huviita Machozi ya Waonaji, na Kiswahili chake kinapendeza kuliko cha asili. Pagh, ile nguvu ya ndani ambayo Kai Opaka anaipima kwa kumshika Sisko sikio, ibaki pagh na ifafanuliwe mara moja. Wanaohitaji uangalifu ni wale waasi waliofukuzwa hekaluni na kufungiwa kwenye mapango ya moto, ambao huingia miilini mwa watu. Mizimu si sahihi, kwa maana hawajawahi kuwa wafu wa mtu. Majini wana habari zao kamili katika Uislamu, na si hizi. Pepo linafaa kwa kuwa tunasema mtu amepagawa na pepo, lakini likisimama peke yake laweza kusikika kama Pepo ya waja wema. Liongezewe neno: pepo waasi.

Nihamie kwa neno lililo hatari kuliko yote, ambalo hakuna anayelihofia: roho.

Katika Babylon 5, tamthilia nyingine ya kituo cha angani, kuna sehemu ya mwaka 1994 inayoitwa Believers, iliyoandikwa na David Gerrold. Mtoto Shon ana maradhi ya kifua, na daktari Stephen Franklin anajua kwamba upasuaji wa kawaida tu utamponya. Wazazi wake hawataki. Kwa imani yao mwili ukichanwa, kile kilichomo kinatoroka na kinachobaki ni ganda. Mkuu wa kituo anakataa kutoa idhini. Daktari anapasua hivyo hivyo. Mtoto anaamka akiwa mzima na anataka wazazi wake, nao wanarudi nyuma kwa kitisho kana kwamba wameona maiti inayotembea.

Kiingereza hapo kinazungumzia soul, na mkono wa mtafsiri utaandika roho kabla hajafikiri. Lakini sisi tukisema roho imemtoka, tumetangaza msiba. Tukisema amekata roho, watu wanauliza mazishi ni saa ngapi. Mama akilia kwamba roho ya mwanawe imetoka, mtazamaji wa Kiswahili anaelewa kwamba mtoto amefia mezani, halafu anamwona amekaa kitandani anaongea. Atadhani tafsiri imekosewa, na atakuwa sahihi. Ubaya unaongezeka mwishoni. Wazazi wanarudi wametulia, wanamvika mtoto vazi la safari na kuondoka naye. Daktari anagundua kwa kuchelewa kwamba vazi lile ni la wafu, anakimbia, anamkuta mtoto ameshauawa. Mtazamaji aliyeambiwa tangu mapema kwamba roho imetoka alishamzika mtoto huyo, hana machozi tena ya kifo chenyewe.

Tumia nafsi. Nafsi yake imeondoka, kimebaki kiwiliwili. Mtu anaelewa kwamba mtoto anapumua na kwamba kwa wazazi wake hayupo. Na daktari anapobishana, yeye ndiye aseme roho: roho yake imo, anapumua. Mabishano yao yanakaa ndani ya maneno mawili ambayo Kiswahili kinayo tayari, na Kiingereza hakijayatenganisha vizuri hivyo. Sehemu hii kwa maoni yangu inaweza kuwa bora kwa Kiswahili kuliko ilivyoandikwa.

Nisiiache Babylon 5 bila kutaja kosa lake lenyewe. Katika The Parliament of Dreams, ya Februari 1994, kituo kinaonyesha dini za kila jamii, na binadamu wanawakilishwa na safu ndefu ya watu wanaotambulishwa mmoja mmoja, wa kwanza akiwa mtu asiye na dini. Ni mandhari mazuri, tena yameandikwa na J. Michael Straczynski, ambaye mwenyewe haamini Mungu na aliandika sehemu 92 kati ya 110 za tamthilia hiyo. Ila katika safu hiyo, baada ya Mkatoliki, Mwislamu na Myahudi, yumo mtu anayetambulishwa kuwa Mbantu. Ubantu ni ukoo wa mamia ya lugha, Kiswahili kikiwamo, na wasemaji wake wana dini za kila namna. Mtafsiri asirekebishe kinywa cha mhusika, kosa ni la waliotunga. Mwandishi wa muhtasari, yeye, ana nafasi ya kulisema.

Suala la miungu linataka uamuzi tofauti kwa kila tamthilia. Katika Battlestar Galactica mpya, iliyoanza Desemba 2003 na kumalizika Machi 2009, binadamu ndio wanaoabudu miungu wengi na mashine zinazowaua ndizo zinazomwamini Mungu mmoja. Mpango huo wa mtunzi Ronald D. Moore, aliyewahi pia kuandikia Deep Space Nine, unaweza kumkosesha raha mtazamaji wa Marekani. Kwa Kiswahili kukosa raha huko kunazidi kipimo. Neno miungu, kwa Mwislamu na kwa Mkristo, lina harufu ya masanamu na dharau, kwa hiyo binadamu hao wakimbizi tunaotakiwa kuwahurumia wanaingia ukumbini wakiwa wameshahukumiwa. Dawa imo ndani ya tamthilia yenyewe: wanayo sala inayowaita Mabwana wa Kobol. Tumia Mabwana wa Kobol popote wanaposali, na uwaachie miungu wale wanaowakejeli.

Stargate SG-1, ya 1997 hadi 2007, ni kinyume chake. Pale wanaojiita Ra na Apophis ni wadanganyifu walioiba majina ya miungu ya Misri ya kale ili watumikiwe, na Teal'c, askari wao, anaasi baada ya kuutambua uongo wao. Miungu ya uongo ndilo neno lenyewe hapo, kwa dharau yake yote. Lakini msimu wa 9 unapoleta wahubiri wa Ori na kitabu chao, mtu asithubutu kukiita msahafu. Kitabu cha Asili kinatosha.

Turudi Galactica kwa mambo mawili madogo. La kwanza ni Quorum of Twelve, baraza la makoloni 12. Glen A. Larson, aliyetunga tamthilia ya awali ya 1978, alikuwa Mmormoni, na Kobol ni herufi za Kolob, jina lililomo katika maandiko ya kanisa lake, zikiwa zimepangwa upya. Kanisa hilo kwa Kiswahili husema Akidi ya Mitume Kumi na Wawili. Ukiandika Akidi ya Kumi na Wawili, mwangwi unabaki. Ukiandika kamati, umekwisha. La pili ni ule mwitikio wa askari, So say we all. Kwenye mazishi, kamanda wao Adama anautamka, wanaitikia kwa unyonge, anaurudia kwa sauti zaidi mpaka ukumbi mzima unapiga kelele. Amina haifai, ni ya kwetu. Ndivyo tusemavyo sote ina silabi 8 na midomo ya waigizaji inafunga kwenye ya 4. Twasema sote ina silabi 5, inapigika kwa pamoja, na ikirudiwa mara nne haichoshi.

Sisi wenye Kiswahili tuna haki ya pekee ya kuyadai haya, kwa kuwa lugha yetu ilikuwamo tangu mwanzo. Luteni Uhura wa Star Trek ya 1966, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, jina lake limetoka kwenye uhuru, herufi ya mwisho ikabadilishwa. Na ni Uhura huyo anayefungua fumbo la dini katika Bread and Circuses, ya Machi 1968. Maofisa wameshuka kwenye sayari inayofanana na Roma na kuwakuta watumwa wanaosemekana kuabudu jua. Mwishoni Uhura, aliyekuwa akisikiliza mawimbi ya redio, anawaeleza kwamba hawakusikia vizuri: si jua la angani, ni Mwana wa Mungu. Kwa Kiingereza sun na son hutamkwa sawa. Kwa Kiswahili jua na mwana hayajawahi hata kupishana njiani, na mtafsiri mvivu atamwacha Uhura akitoa ufunuo usio na mguu.

Suluhisho lipo, ila liandaliwe tangu dakika za mwanzo. Badala ya jua, watumwa waabudu Mwanga. Redioni, kwenye mikwaruzo, Mwanga na Mwana yanakaribiana vya kutosha. Kuna mtego mmoja: mwanga kwa Kiswahili ni mchawi pia, na waabudu mwanga wanaweza kugeuka genge la usiku. Kwa hiyo kila mahali liwe Mwanga wa juu. Uhura atamalizia: si Mwanga wa juu, ni Mwana wa Mungu.

Kwa kuwa madj wanapenda kufafanua ishara, niongeze hili. Ule mkono wa Spock, ofisa mwenzake Uhura, wenye vidole vilivyogawanyika kati ya cha kati na cha pete, ulioonekana kwanza katika Amok Time ya Septemba 1967, Leonard Nimoy aliutoa sinagogi, Boston, alipokuwa mtoto akachungulia makuhani wakibariki watu, wakati ambapo ilitakiwa asiangalie. Ni baraka ya Hesabu 6:24–26, na mkono unaiga herufi ya Kiebrania inayoitwa shini. Anayesema ni alama ya amani ya vijana wa miaka ile anapotosha.

Kuhusu kazi yenyewe: tazama msimu mzima kabla ya kutafsiri sehemu ya kwanza. Fungua daftari lenye safu 4, yaani neno, nani analisema, Kiswahili chake, na sehemu lilipotokea kwanza. Kwa tamthilia kama Deep Space Nine maneno 20 hadi 25 yanatosha, na safu ya pili ndiyo itakayokuokoa. Wape Mwislamu mmoja na Mkristo mmoja wasome safu ya tatu. Wakikasirika wote wawili kwa neno moja, libadilishe. Akikasirika mmoja, muulize kwanza kama aliyekasirisha ni mtafsiri au ni mhusika, maana mhusika ana haki ya kukasirisha. Dj anayefanya kazi moja kwa moja, hadhira ikiwa mbele yake, hana nafasi ya kufikiri, ndiyo maana daftari liwe mezani kabla taa hazijazimwa.

Na wimbo wa ufunguzi wa Galactica, madj wauache. Sauti ile ya kike inaimba mantra ya Gayatri, Kisanskriti, kutoka Rigveda 3.62.10, na Wahindu wanaoisali alfajiri wapo Mombasa, wapo Zanzibar, wapo Dar es Salaam. Haizidi dakika moja. Maikrofoni ifunguliwe baada ya hapo.

Wasalaam,
Msomaji wako, Tanga